Sanduku Nililolifuta Kwenye Rafu

Natamani ningekataa kutia sahihi karatasi moja. Ilikuwa hati ya uteketezaji, ile inayotaja majalada ya kuchomwa, na bila sahihi ya mtunza nyaraka haikuwa na nguvu. Mtunza nyaraka nilikuwa mimi.

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali pale Rohero, mkuu wangu alinifundisha jambo moja kabla hata ya kunionyesha kiti. Ukitoa jalada kwenye rafu, acha mahali pake kadi yenye namba na jina la aliyelichukua. Kadi hiyo tuliiita fantomu. “Bila fantomu,” alisema, “we si mutunzaji, we ni mwizi.”

Mdogo wangu Zakariya alikuwa fundi cherehani Buyenzi. Aliishi na mwanaume mwenzake kama mtu na mwenzi wake, na walikuwa na wenzao, wakiuguzana na kuzikana. Siku moja aliniletea sanduku la picha, barua na daftari la wagonjwa wao.

“Kaka, weka kwa serikali. Nyumbani mama ataichoma.”

“Na watu wakiona?”

“Waone! Kwani sisi hatukuzaliwa hapa?”

Nikaliandika sanduku namba, nikaliweka rafuni.

Miaka ikapita. Mkuu wa huduma wa tatu kunisimamia alilikuta wakati wa ukaguzi. Akainua picha: Zakariya ndani ya suti, amemshika mwenzake mkono.

“Mzee Idi, hii uchafu ni we uliipokea?”

“Ndiyo, Shefu.”

“Basi ni we utasaini ichomwe. Na fantomu apana!”

Sikumwambia kuwa yule ni ndugu yangu. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa macho ya watu msikitini. Nikasaini, sanduku likachomwa. Kisha namba ile nikaiandika kwenye jalada la viwanja vya Kinanira, ili pengo lisionekane. Hilo hakuna aliyeniamuru.

Sasa nimestaafu, na vijana wanaopenda kama alivyopenda Zakariya hunijia. Wanaambiwa mambo yao yameletwa juzi na Wazungu, nao wanatafuta karatasi ya kujibu. Nimeandika yote ninayokumbuka, majina nikayaficha, nakala nikaziweka mahali patatu.

“Babu, watasema umeota,” msichana mmoja aliniambia.

“Waseme. Nimeandika pia kwamba nilichoma, na nimesaini. Mutu haoti sahihi yake.”

Anayetaka kunitisha, mlango wangu anaujua. Nilishaogopa mara moja, sirudii.

Zakariya hakuyasoma maandishi hayo. Mwenzake alipofariki, alikuja kuniomba ile picha, maana hawakuwa na nyingine. Nikamweleza nilichofanya. Alivaa viatu akaondoka, na hakukanyaga tena kwangu. Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, mitaa miwili tu kutoka kwangu, na alipofariki alikuwa ameagiza nisishike jeneza lake. Nilisimama nje ya ukuta wa makaburi, wageni wakamzika ndugu yangu.