Majembe ya Foleni

Baba alikuwa karani wa ghala, na mshahara wake ulikuwa uleule mwezi hadi mwezi. Bei ndizo zilizokataa kutulia. Tuliacha nyama, tukaacha wali, tukabaki na ugali wa unga wa njano, nao ukaanza kuadimika. Nilikuwa msichana wa darasa la nne, na njaa sikuiogopa sana. Niliogopa kauli ya baba: mambo yakizidi, mama angerudi Masasi kwa bibi pamoja nami na mdogo wangu, yeye abaki peke yake kwenye chumba chetu cha Kariakoo. Kila mama alipokung’uta mfuko wa unga, nilichungulia ndani kuona kilichobaki.

Asubuhi moja nilitoka na mama kutafuta unga. Mtaa wa pili tukakuta foleni nje ya duka la ushirika. Siku hizo ulishika nafasi kwanza, maswali baadaye.

“Dada, kuna nini leo?” mama alimuuliza aliyekuwa mbele yetu.

“Hata mie sijui, shoga. Wanasema unga. We panga tu.”

Tulipanga mpaka jua likatukaa utosini. Tulipofika dirishani, muuzaji akatusukumia majembe, hata mipini hayana. Nilimvuta mama khanga tuondoke. Lakini nani mjini aliweza kutoka kwenye foleni mikono mitupu? Akatoa hela yote ya unga, akapewa matatu. Nililia njia nzima, na nilimkasirikia kwelikweli.

Jioni baba aliyakuta sakafuni. Akacheka kicheko kibaya.

“Basi mmeshajiandaa wenyewe kwenda kulima kwa bibi. Kesho naenda kuulizia nauli.”

“Ulizia ya watu wote, baba watoto,” mama akasema. “Hili langu, hili la binti yako, na hili lako. Ukibaki wewe, tunabaki sote. Tutalima hapo bonde la Msimbazi.”

Sikulala vizuri, nikisubiri jibu lake. Jumamosi alikuja na mipini mitatu, tukashuka naye bondeni kupanda mchicha.

Masasi hatukwenda. Ila makarani wenzake wa ghalani walipopita barabarani, baba aliinama zaidi, na mama akatukataza kumwita kwa sauti.