Bondia Niliyempunguza Mpaka Akaisha

Miaka ile mji ulikuwa unafungwa bila kumwuliza mtu. Unaamka, unakuta vijana wameshaweka mawe barabarani, maduka yameshushwa milango, mabasi ya mtaa wa Ngagara hayapiti, na redio inapiga muziki kana kwamba kuna harusi. Tulikuwa tunaita ville morte, mji uliokufa, ingawa waliokufa hasa walikuwa watu, mji ulikuwa unafunguliwa tena kesho yake. Mimi nilikuwa nauza viatu vya kaguwa, vile vilivyochoshwa Ulaya vikaletwa kwetu kwa magunia, na siku kama hiyo kiatu hakina pa kwenda. Nilishinda uani, kwenye rupango letu la Buyenzi: nyumba tatu, bomba moja, na choo ambacho sitaki kukizungumzia.

Nyumba ya mbele, yenye mlango wa barabarani, ilikuwa ya mzee mmoja Mwarabu. Babu yake alitoka Omani, yeye mwenyewe hakuwahi kufika mbali kuliko Kigoma. Aliuza sukari, chumvi na sabuni. Nyumba ya nyuma alipanga fundi cherehani aliyevuka ziwa kutoka Uvira na mashine yake kichwani. Katikati tulikaa mimi na mke wangu. Watoto tulikuwa tumewapeleka kwa dada yangu Kinanira, ambako risasi zilisikika kwa mbali kidogo, na umbali huo ndio tuliokuwa tunauita usalama.

Katika siku hizo za kufungwa ndipo tulipoanza kupiganisha mabondia wasioweza kukutana. Mzee ndiye aliyeanzisha. Alikuwa na bondia wake, mpakuzi wa bandarini, wa enzi za Wabelgiji, aliyepigana miguu mitupu na, kwa maneno ya mzee, aliweza kumtapisha mtu chakula cha jana kwa ngumi moja ya tumbo. Fundi akamjibu kwa kumleta kijana mmoja wa Bukavu wa miaka ya karibuni, mwepesi kama mbuzi wa kuibiwa. Yule wa kwanza alizikwa kabla wa pili hajazaliwa. Hilo halikumzuia mtu. Tulikuwa na asubuhi nzima na hatukuwa na pa kuipeleka.

Mchezo ulikuwa na sheria zake. Kila bondia alikuwa na wakili wa kumsemea. Mawakili walianza kwa kukubaliana mwaka, kwa sababu bondia bila mwaka ni uongo mtupu: unamtaka kabla ya kitambi au baada? Kisha uzito, kisha glavu, kisha jua liko upande gani. Mambo hayo yakiisha ndipo zinakuja ngumi. Wakili anasema, “Namupiga ya mbavu,” na mwamuzi, mtu asiye na upande, anaitazama kichwani mwake. Akiona kwamba ingeingia anajibu, “Nimeona.” Asipoiona anasema, “Sijaona,” na ngumi hiyo imepita hewani, huna pa kuidai. Kengele ilikuwa jiwe la mizani ya mzee, analigonga kwenye sahani yake.

Mimi nilikuwa hodari wa masharti. Ngumi zilinichosha, lakini masharti ni biashara. Nilishamshinda yule mpakuzi wa bandarini kwa kumvisha viatu tu, mtu ambaye hajawahi kuvaa viatu. Mzee hakuniuzia sukari siku mbili.

Basi asubuhi moja fundi akasema, huku anauma uzi: “Leo mi naleta wa mukono wa kushoto. Ule wa depo.”

Sote watatu tulimjua. Hata mke wangu. Hasa mke wangu. Mtu huyo alikuwa anabeba magunia kwenye depo, ghala moja la Zone Industrielle, eneo la viwanda, akapiga ngumi kwa mkono wa kushoto miaka mingi, akasifiwa mpaka ng'ambo ya ziwa. Nami niliwahi kupigana ujanani, lakini yeye alitundika glavu zake karibu na wakati mimi naanza kuvaa zangu, kwa hiyo ulingoni hatukuonana kamwe. Lakini kabla yangu alikuwa ameshatuma watu kwa wazazi wa mke wangu, wakazungumza posa, wakanywa. Kisha jambo likavunjika. Lilivunjikaje? Mimi, ambaye nauliza bei mara mbili hata ya kitu nisichonunua, hiyo sikuwahi kuiuliza. Vita vilipoanza alitoka Ngagara alikokuwa anakaa, na hakuna aliyejua kama yuko Uvira, Tanzania au ardhini. Kumwonea wivu mtu aliyepo ni rahisi, unamkuta sokoni ana mvi, unarudi nyumbani umepona. Huyu hakuwa na mvi. Alibaki vilevile alivyoondoka.

Mke wangu alikuwa ameketi kizingitini anachambua maharage kwenye ungo. Fundi alipomtaja mtu yule, vidole vyake vilisimama. Si sana. Kama mtu aliyekuta jiwe. Lakini niliangalia ungo, hapakuwa na jiwe.

“Anapigana na nani?” mzee akauliza.

Nikasikia mdomo wangu unajibu: “Na mi.”

Fundi akacheka mpaka sindano ikamdondoka. “Kaka, we unajitafutia kufa na ville morte iko tayari?”

“Halafu nitajisemea mwenyewe,” nikasema. “Wakili sitaki.”

“Haiwezekani, bwana viatu,” mzee akasema. “Mtu hajisemei. Sheria.”

“Sheria nani aliandika? Nipe hiyo, nami nitakupa nyingine.”

Mzee akafikiri, akachezea kidevu chake. “Haya. Wewe ujisemee, lakini mwamuzi tunamchagua sisi. Namtaka binti yangu huyu hapa. Maana sisi wote tunabahatisha, yeye amewaona nyote wawili.”

Alikuwa anamwonyesha mke wangu kwa kidole, nami nilikuwa nimeshauza. Mke wangu hakukataa. Alisogeza ungo, akavuta kigoda, akasema tu: “Muanze. Maharage yangu inangoja.”

Kwa hiyo kila mtu uani alijua pambano lilikuwa la nini, ingawa hakuna aliyelisema.

Fundi alimtaka mtu wake wa mwaka aliopigiwa kelele na mji mzima wa Uvira, alipomlaza jitu la Bukavu raundi ya pili. Mimi nikamtazama kama ninavyotazama kiatu cha mguu mmoja. Nikasema mwaka huo haupo, umeshanunuliwa. Nikamtaka wa mwisho, baada ya kreti kumwangukia kiganjani kule depo.

“Ule mukono ulikuwa umevunjika!” fundi akapiga kelele.

“Ulikuwa umepona. Si walimuachia apigane?”

“Ulipona nusu.”

“Basi nusu hiyo naichukua.”

Nikasimama nikaelekea bombani, kama mnunuzi anayeondoka. Ni mbinu ya kitoto, lakini fundi alikuwa mtu mwema, na watu wema hawapendi kuachwa. Akaniita. Nikarudi na kumpunguza uzito mtu wake mpaka alingane na wangu. Nikamweka akitazama jua. Nikakumbusha kwamba mwaka ule alikuwa na homa ya malaria mara kwa mara, nani anakumbuka alipona lini? Nami nikajileta wa Jumamosi yangu bora kuliko zote, miguu imelala vizuri, nimekula samaki.

“Umukate na kichwa basi,” fundi akasema, “tumulete kwa gunia.”

Pambano halikuwa pambano. Nilipiga ya mbavu, mke wangu akasema nimeona. Nikapiga ya kidevu, nimeona. Fundi alirusha mkono wa kushoto uliovunjika, sauti yake mwenyewe haikuuamini, mke wangu akasema sijaona. Raundi ya nne nilimlaza. Nilihesabu ngumi zangu, nikazirudia, zote zilikuwa zimeingia, hakuna hata moja iliyokatwa. Mzee aligonga sahani yake.

“Umeshinda,” mke wangu akasema, akauvuta ungo.

Nilingoja. Kulikuwa na kitu kingine nilichokuwa nimekuja kuchukua, na hakikuja.

“Ni hiyo tu, mama watoto?”

Hakuinua macho. “Ule mwenye umepiga, baba watoto, mi simujue.”

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Fundi alijifanya anatafuta kifungo.

Nililitembeza neno hilo siku nyingi. Mji ulifunguliwa, nikauza, ukafungwa, nikarudi uani. Nilikuwa nimempunguza mtu yule mpaka akaisha, na aliyebaki kichwani mwa mke wangu, mzima, mwenye mikono yote, sikuwa nimemgusa. Akiimba jikoni nilisikiliza wimbo ni wa mwaka gani. Akinyamaza ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kimya hakina mwaka. Siku moja alinisifu shati, nikafikiri: yule alivaa nini?

Mji ulipofungwa tena, sikungoja fundi achomoe kitambaa.

“Nataka turudie,” nikasema.

“Mali iliyouzwa hairudi,” mzee akajibu. “Si hivyo unavyowaambia watu?”

“Leo inarudi.”

Nikaanza kurudisha. Nilirudisha jua, nikaliweka utosini, la wote wawili. Nikarudisha uzito wake. Nikarudisha afya. Kila kitu kilinitoka kwa maumivu, sijawahi kumrudishia mtu kitu ambacho hakukiomba. Fundi alikuwa ananitazama kama anayetazama mgonjwa. Nilipofika kwenye mkono nilikwama kidogo, nikaomba maji, nikanywa.

“Na mukono?” fundi akauliza polepole.

“Chukua. Na mwaka wa Uvira, chukua.”

Mke wangu, aliyekuwa anaanika nguo, aliweka beseni chini na kuja kwenye kigoda bila kuitwa.

Ah, fundi siku hiyo! Aliisukuma mashine, akasimama, akawa si fundi tena. Aliurusha mkono ule kutoka chini, kutoka pembeni, kutoka mahali ambapo sikujua panatoka mikono. Na mke wangu alikuwa anasema nimeona, nimeona, mara nyingine kabla fundi hajamaliza sentensi. Bega lake la kulia lilikuwa linakwepa peke yake. Nikaelewa kwamba hakuwa akitunga. Alikuwa anakumbuka. Uso wake ulikuwa umewaka kidogo, kama mtu aliyekaribia jiko, na moto huo haukuwashwa na mimi. Nilijibu nilivyoweza. Zangu aliziona pia, sitamsingizia, lakini aliziona kwa sauti ya kazi.

Raundi ya mwisho nilikuwa nimechoka kweli, nimekaa kwenye gunia la viatu na jasho linanitoka. Fundi akainama. “Sasa,” akasema, “namuletea ile yenyewe. Ya kushoto, ya kidevu. Kaka, lala salama.”

Mzee aliinua jiwe la mizani.

“Sijaona,” mke wangu akasema.

Fundi akageuka. “Mama! Ni ile yenyewe! Ile ya mutu wa Bukavu!”

“Nimesikia. Sijaona.”

“Unamuhurumia bwana yako!”

“Apana.” Alisema taratibu, kama anayemweleza mtu njia. “Ule mukono naujua. Mbele ya kupiga ile ya mwisho anasimama kwanza, anaangalia watu. Anataka waone. Jitu la Bukavu lilisimama likangoja. Baba watoto hawezi kungoja, huyu anakimbia hata mvua haijanyesha. Wakati ule mwingine anaangalia watu, huyu ameshatoka.” Akapangusa mikono kwenye kanga. “Alikuwa anaangalia watu kwa kila kitu. Hata kwetu, siku ya posa.”

Mzee akagonga kengele kwa adabu.

“Kwa pointi ameshinda wa kushoto,” mke wangu akatoa hukumu. “Lakini hakumuangusha.”

Nilikuwa nimeshindwa uani kwangu mwenyewe, na mtu ambaye labda hakuwa hai, na aliyetoa pointi alikuwa ndiye atakayenipakulia chakula. Hata hivyo kitu kilikuwa kimekaa vizuri kifuani kwa mara ya kwanza tangu fundi aume ule uzi. Kilikaa muda mfupi. Kisha nikaanza kufikiri: ili mtu ajue mkono unasimama wapi, ameuangalia mara ngapi?

Wenzetu waliporudi kwao, nilimfuata mke wangu kwenye kamba ya nguo, nikashika upande mmoja wa shuka.

“Na mi,” nikasema, “mbele ya kupiga nilikuwa naangalia wapi?”

“We? Chini. Kama mutu amedondosha kitu.”

“Umejuaje? Ulikuja kuniona mara moja.”

“Nilikuja zote.”

Shuka ilikuwa kati yetu, sikuuona uso wake.

“Hata ile ya mvua?”

“Hata ile ya mvua.”

Ile ya mvua niliangushwa watu hawajamaliza kuketi. Na baada ya kuiona hiyo, mwanamke huyu alikubali kuolewa na mimi. Mtu mwenye akili angeshukuru, akabana shuka kambani, akanyamaza. Mimi nilibana. Nikanyamaza. Lakini usiku kucha nilitaka kumwuliza siku ile ya mvua alikuja kwa mwavuli wa nani.