Panga la Bwana Shamba

Bwana shamba hakuwa mtu wa kukaa. Ukimpa kigoda anashukuru, kisha anaendelea kuzunguka uani, panga kiunoni, mkononi akitikisa chupa ya maji meupe kama ya kuoshea mchele, ambamo alisema amefuga vijidudu vinavyoua mipichi. Kila mara aliiinua juani, akaichungulia kwa jicho moja, akaguna. Mwezi uliopita alipita kijiji chote cha Vudee na amri ya bomani: kila mpichi mgonjwa ukatwe, uchomwe. Watu walichoma. Koleta peke yake aliuacha wake nyuma ya migomba, maana ndio uliobaki kati ya mitatu. Sasa bwana shamba amerudi, yumo uani mwake.

“Mama, natafuta mpichi uliougua sana. Kwenye udongo wake huenda mna vidudu vinavyovila hivi vya kwenye chupa.”

“Si wewe uliyesema tuchome?”

“Ni mimi.”

Koleta alimpeleka nyuma ya migomba. Panga lilipochomolewa alifumba macho. Alipofumbua, bwana shamba amepiga magoti, anachimbua udongo shinani kwa ncha ya panga. Aliuloweka, akayachuja maji yake mara tatu, akatia matone chupani. Kesho yake alfajiri alikuja mbio: maji ya chupani yametakata kabisa, vijidudu vimeliwa. Yale aliyochuja aliyamwagia shina lote.

“Sasa tungoje majani,” alisema, akashika njia.

Panga alilisahau pale shinani. Koleta aliliona kabla mwenyewe hajafika mbali. Hakumwita.