Piano Iliyoendelea Bila Mikono Yangu

Nikisimulia hii bado masikio yananiwaka, lakini kwa vile nyinyi ni watu wangu, wacha niseme: mimi ndiye yule mtu wa Ngoingwa aliyepigiwa piano na kompyuta mbele ya wakwe.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha, nimenunua kompyuta ya mitumba, na binamu yangu akaniletea diski ya nyimbo za zile piano za zamani zilizojipiga zenyewe kwa kufuata karatasi ndefu iliyotobolewa matundu (watu wenye subira kuliko mimi waliyasoma matundu yote hayo wakayatia kwenye kompyuta). Nikazipenda kupita kiasi. Jumamosi moja mchumba wangu, Wambui, akazisikia akiwa mlangoni, akaingia, akaona kinanda cha kanisa kilichokuwa kwangu kikisubiri fundi, akauliza, "Kumbe wewe hupiga?" Mtu mwenye akili angesema hapana. Mimi nikasema nabahatisha tu.

Habari zikafika Ruiru kwa babake, mwalimu wa kwaya, ambaye alikuwa ameshaniona mtu mwepesi na hakutaka kusikia habari za posa. Sasa akasema atakuja Jumapili asikie mwenyewe, ndipo aamue kama tutazungumza.

Basi nikaficha kompyuta nyuma ya pazia, spika chini ya meza, kinanda kibovu juu yake. Wambui, mamake na shangazi yake waliingia kwanza, mzee akabaki nje akiegesha gari. Shangazi akaniambia nianze, nikapenya nyuma ya pazia (eti nafuata karatasi za nyimbo), nikabonyeza, nikakimbia kuketi, nikafumba macho na kutikisa kichwa kwa madaha ambayo hadi leo nikiyakumbuka nataka kujificha.

Mzee akaingia katikati ya wimbo, akaja moja kwa moja na kuninyooshea mkono. Jamani, mimi nimelelewa. Mkwe akikupa mkono unainuka, unampa wa kulia, wa kushoto unashika kiwiko, unainamisha kichwa. Nikafanya hayo yote vizuri kabisa, na piano ikaendelea.

Nikajaribu kuuvuta mkono wangu. "Usiachilie," mzee akasema. "Wacha uishe."

Tukasimama hivyo mkono kwa mkono hadi mwisho, na ulikuwa wimbo mrefu wenye mbwembwe. Shangazi alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Wambui hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamwambia palepale kwamba nilimdanganya na nimeona aibu.

Mzee akaketi, akaomba chai. "Nilijua nikiwa kwa gate," akasema. "Huo wimbo unataka mikono mitatu. Nikasema wacha nikuombe mmoja, nione. Ungekataa kunisalimia ndio uendelee na uongo, ningerudi Ruiru na msichana wangu."

Wambui alininunia wiki mbili, kisha tukaoana. Siku hizi mgeni akikuta muziki kwangu, kabla hata sijampa kiti namwambia ni kompyuta. Naye mzee kila akija hunipa mkono, halafu husubiri kidogo, asikie kama kuna kitu kitaendelea.