Maji ya Lami

Kila siku saa moja asubuhi, gari la meneja linapoingia getini, mama mtunza bustani lazima awe ameshika mpira wa maji. Meneja asipoona maji yanatoka, kwake hakuna kazi iliyofanyika.

Shida ni kwamba mmea wenyewe hautaki maji. Ni ule wa kutambaa chini, majani yake manene kama vidole vya mtoto mchanga, na maji yake umeyahifadhi humo humo. Mwaka wa kwanza mama alimwagilia kama alivyoamriwa, tuta zima likaoza. Akaenda kusema.

"Nimekuajiri umwagilie, mama, si unisomeshe," akajibiwa.

Basi akakata vipande vilivyopona, akavichomeka kwenye mchanga, na tangu siku hiyo mpira anauelekeza kwenye lami ya pembeni. Aliye ndani ya gari huona maji tu, haoni yanakoangukia. Miaka tisa sasa. Mgongo umekwisha, magoti yamegoma, ila lami ile haina hata chembe ya vumbi.

Leo meneja kaja na mgeni. Tuta limefunikwa na maua, jani halionekani, mgeni kaduwaa.

"Siri ni maji tu," meneja akasema, kifua mbele. "Mama, kuanzia kesho mwagilia na jioni."

"Sawa, bosi."

Nyumbani alijitupa kwenye kiti na viatu vyake. Mumewe, ambaye jibu analijua, akauliza kama kawaida, "Leo umefanya nini?"

"Nimemwagilia lami."

"Na kesho?"

"Kesho mara mbili."