Viguu vya Nyoka wa Praxeda

Wallahi, haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Nikikutwa nimetia chumvi hata punje moja, nitasukuma toroli la samadi la Praxeda kutoka zizini mpaka barabarani, mchana kweupe, Pongwe nzima ikinitazama.

Saa kumi na mbili asubuhi, Praxeda anachekecha mboji. Kanga kaifunga kiunoni, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Mara anasimama, anaokota kitu chembamba kinachong'aa, anakirudisha kwenye lundo taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Huyu mfanyakazi mwenzangu," anasema. "Analala kazini, lakini simfukuzi."

Mfanyakazi huyo ni mweusi, ana magamba, hana miguu. Ndiye nusura amfilisi.

Praxeda, au Mama Leti kama wengi wanavyomwita, binti wa mkata mkonge, huu ni mwaka wake wa kumi na tisa akiuza mboji na miche kando ya barabara. Wateja wake wakubwa ni akina mama wa Chumbageni, kule mjini, wenye maua. Mwezi uliopita mmoja wao, Samira, alipindua kopo la waridi lenye mboji ya Praxeda akakutana na kiumbe huyo. Yowe alilopiga nililisikia mimi nikiwa kwangu Pongwe, nikamwaga chai.

Habari ikaenea: Praxeda anafuga nyoka. Viroba arobaini kwa wiki vikawa vitatu. Majirani wakaitisha mkutano, wakataka lundo lichomwe moto Ijumaa. Mboji ile imeoza miezi minane; ikiungua, hana cha kuuza mpaka mvua zijazo.

"Mama Leti, hatuna ugomvi na wewe," Samira alisema siku ya mkutano, ndoo mkononi. "Ugomvi wetu umo humu."

Ndani ya ndoo walikuwamo wawili, aliowaua kwa jembe. Kila mmoja, msomaji wangu, mrefu kama kamba ya kufungia ng'ombe. Watu walitawanyika, mimi nilisimama mbele kabisa, sikutikisika.

Praxeda alikuwa amemwita Mwalimu Tuhfa, anayefundisha baiolojia mjini na kununua miche kwake. Tuhfa akawapa wazee shikamoo zao, akachuchumaa, akampasua wa kwanza kwa wembe. Tumboni mlikuwa na watoto wachanga mno, kama punje za mchele. Akampa Samira lenzi.

Samira akatazama. Akatazama tena.

"Huyu ana miguu," akasema kwa sauti ndogo.

Ilikuwa kweli. Vinundu vinne, kila kimoja kidogo kuliko mbegu ya mchicha. Tuhfa akampasua wa pili, ambaye alikuwa karibu kuzaa. Watoto wake walikuwa laini ubavu mzima. Hata alama ya mguu hakuna.

"Ni mjusi, si nyoka," Tuhfa akasema. "Tumboni miguu inaanza, kisha inakoma. Pingili za mgongo ndizo zinazidi kuongezeka, mwili unarefuka. Na si huyu peke yake. Wako mijusi wa nchi za mbali, koo nyingine kabisa, hawajawahi kukutana na huyu wetu, nao wamefika kwenye umbo hilihili, kila ukoo kivyake. Mtoto anapojengeka tumboni au ndani ya yai, mwili hauna njia nyingi za kubadilika. Wanaoishi udongoni wamepita njia moja mara nyingi."

Mzee mmoja akavua kofia, akaishika kifuani.

"Sasa nani anauambia mguu uishie hapo?" Praxeda akauliza.

"Wanaosoma mambo haya bado wanalichimba hilo, mama."

Tulizunguka ile ndoo kama watu waliochungulia kisima wakaona nyota humo.

"Basi nimeua mama wajawazito wawili," Samira akasema. Akaifunika ndoo kwa mtandio wake. "Nipe viroba viwili, Mama Leti. Ila chekecha vizuri!"

Lundo halikuchomwa. Sasa Praxeda anapanga kuacha kona moja isiyoguswa na jembe, wazaliane humo, na Mwalimu Tuhfa alete wanafunzi wake.

Kabla ya kupeleka habari hii gazetini, nilimsomea Praxeda.

"Babu Massoud, rudia hapo kwenye kamba ya ng'ombe."

Nikarudia.

"Mjusi mrefu kama kalamu! Na eti ulisimama mbele? Ulikuwa umepanda juu ya bodaboda ya Innocent, umekumbatia helmeti!"

Toroli ni zito, na samadi ya asubuhi ina harufu yake. Barabarani Samira ananipiga picha, Innocent anapiga honi. Na hapo juu ya samadi, mjusi mmoja mweusi akainua kichwa, akanikonyeza. Wallahi tena.

"Safari ya pili, babu," anasema Praxeda, akishika koleo.