Mpango wa Kituo Ulioandikwa Al Wukair

Kampuni ya ulinzi iliyonileta Doha ilinipeleka kulinda lango la kituo cha vijana cha serikali, upande wa Al Thumama, na hapo nikakaa karibu miaka minne. Nilikuwa nikifungua lango, naandika majina ya wanaoingia, nahakikisha wote wametoka kabla ya kufunga. Vijana walikuja baada ya shule kucheza tenisi ya meza, kuunda roboti, kujifunza kupiga picha. Mwezi wa Ramadhani saa zote zilibadilika, na mimi ndiye niliyebandika ratiba mpya mlangoni.

Kwetu ni kaskazini kabisa mwa Kenya, mwendo wa siku nzima kwa lori kutoka makao makuu ya kaunti. Sisi ni jamii ndogo ya wafugaji, na wanaoijua lugha yetu vizuri wamebaki watu wazima tu. Huko nako serikali ilikuwa imetujengea kituo cha vijana. Mkubwa mmoja alikuja, amekaa kiti cha mbele cha gari la serikali, akakata utepe, watu wakacheza ngoma, kisha mlango ukatiwa kufuli na ufunguo ukaondoka na gari lake. Ndani mlibaki mifuko ya saruji. Jua likiwa kali, mbuzi walilala kivulini mwa ukuta.

Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akifundisha chekechea, ndiye aliyeongoza kikundi cha vijana wa pale. Walikuwa wameandika barua tatu. Jibu moja tu lilirudi: jengo litafunguliwa mpango wa uendeshaji utakapokuwa tayari.

"Mpango huo anaandika nani?" nilimuuliza kwa simu.

"Hakuna anayejua, kaka. Nilipouliza ofisini, waliniambia ni kazi ya wataalamu."

Siku nzima neno hilo lilinikaa kifuani. Jioni, mkurugenzi wa kituo chetu, tuliyemwita mudir, Mqatari mpole aliyependa kusimama getini baada ya kufunga, alinikuta nimeinamia daftari la majina. Haikuwa kawaida mlinzi kumsumbua mkubwa kwa mambo yake, lakini aliniuliza nina nini, nikamweleza kwa Kiingereza changu na Kiarabu cha kuokoteza. Kisha nikamuuliza yeye alifanyaje serikali ikakubali kukiendesha kituo.

"Serikali inatoa jengo na mishahara," alisema. "Mimi kila mwaka lazima niwaonyeshe nani amekuja na amefanya nini. Wanataka kujua nani anafungua, nani anafunga, na nani atajibu mambo yakiharibika. Hayo wewe unayajua kuliko mimi."

Nilicheka, nikidhani ni adabu tu. Lakini nikiwa ndani ya basi la kurudi Al Wukair, tulikokuwa tukilala, nilianza kuyapanga kichwani, nikaona kweli ninayajua.

Ijumaa ile, siku ya mapumziko na ya ibada huko, sikwenda kanisani Mesaimeer. Niliketi kitandani na daftari nikaandika kurasa sita. Chumbani tulikuwa wanne, na mmoja wetu alikuwa Mzanzibari aliyewahi kuwa mwalimu kabla ya kuja kufanya ulinzi. Nilimpa asome. Aliichukua kalamu yangu bila kuuliza.

"Hapa umeandika 'tunaomba kifunguliwe'. Na hapa tena. Na hapa," alisema. "Andika 'kitafunguliwa'. Ukiomba kila mstari, watakuona mwombaji, na mwombaji huambiwa arudi kesho."

Tuliziandika upya zote sita. Nikazipiga picha nikamtumia mdogo wangu, nikiwa na fahari isiyo kifani. Siku mbili baadaye akapiga.

"Kaka, usikasirike. Umeandika kituo cha Doha."

Nilikasirika. Nikamwambia nimepoteza siku yangu ya mapumziko kwa ajili yao. Aliniacha nimalize, kisha akasema taratibu, "Umesema kitafunguliwa kila siku saa tisa alasiri. Saa tisa wasichana wako kisimani. Na kiangazi wavulana wako malishoni, mwendo wa siku tatu. Utamfungulia nani?"

Nilikuwa nimeondoka nyumbani muda mrefu kiasi cha kusahau saa za maji.

Basi wakakaa wao, vijana ishirini, wakaupasua mpango wangu. Wasichana wakachagua asubuhi za siku ya mnada, mama zao wanapokuwa sokoni na maji yameshatekwa tangu jana yake. Wakaandika kwamba kiangazi mhudumu mmoja atawafuata wachungaji kwenye visima vya mbali, akiwa na vitabu na redio. Wakaongeza jambo ambalo mimi sikuliwazia kabisa: kila wiki akina mama wawili waje kufundisha lugha yetu, na walipwe na kaunti kama walimu wengine. Kilichobaki cha kwangu ni utaratibu wa mlango na daftari la mahudhurio. Nilipousoma mpango wao, nilijua ni mzuri kuliko wangu.

Miezi michache baadaye kamati ya bunge la kaunti ilikuja kijijini kukusanya maoni ya wananchi. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, na kituo cha Doha kilikuwa kitupu kwa kuwa vijana wako shuleni. Mudir aliniambia niingie maktaba na simu yangu, yeye atatazama lango. Mdogo wangu aliweka simu yake mezani mbele ya kamati bila kuikata, nikasikia kila kitu, kuku wakiwemo.

Alisoma mpango wote. Afisa mmoja akauliza, "Huu umeandikwa na mshauri kutoka Nairobi?"

"Ulianzwa na kaka yangu, ambaye ni mlinzi wa lango la kituo cha vijana kule Doha. Sisi ishirini tukaurekebisha."

"Mlinzi?" Nikasikia watu wakicheka.

"Ndiyo, mheshimiwa. Yeye anajua vijana huja saa ngapi. Wewe unajua?"

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti wa kamati, mwanamke mwenye sauti nzito, akauliza maswali yake moja moja: nani atashika ufunguo, wasichana watalindwaje, kiangazi itakuwaje. Kila swali lilijibiwa na kijana tofauti, bila kusitasita. Mwishowe akauliza ufunguo uko wapi. Afisa akasema uko makao makuu.

"Basi livunjeni hilo kufuli," alisema mwenyekiti. "Nitaandika mimi kwamba nimeruhusu."

Nilisikia viti vikisukumwa, nyayo, kisha jiwe likigonga chuma. Mara ya nne au ya tano kitu kikaanguka, na vigelegele vikajaa maktaba nzima ya Doha. Mudir alikuja mbio kutoka langoni.

"Kuna harusi?" aliuliza.

"Hapana, mudir. Wamefungua mlango."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia. Nililia mbele yake na sikuona aibu.

Bajeti ilichukua karibu mwaka, na barua nyingine nyingi, na safari hii hatukuomba. Tangi la maji lilikuja kwanza, sola zikafuata, kisha nafasi za wahudumu wawili zikatangazwa. Mdogo wangu alishindana na watu wenye diploma kutoka mjini akapata moja. Akina mama wa lugha walilipwa, na mmoja wao, ambaye hakuwahi kusaini kitu maishani, alijifunza kuandika jina lake kwa wanafunzi wake mwenyewe.

Nilikuwa bado Doha wakati vijiji viwili vya jirani, navyo vina majengo yaliyofungwa, vilipodai mpango kama ule. Kaunti ikamtaka mdogo wangu aende akawafundishe. Waliotumwa kumchukua walikuwa na gari la serikali, na dereva akamfungulia mlango. Alinipigia wakiwa njiani, upepo ukivuma dirishani.

"Kuna nini?" nilimuuliza.

"Hakuna kitu, kaka," alisema. "Nilitaka tu ujue nimekaa mbele."